Makande ya Msaragambo

Kwenye msaragambo wetu, kazi ya kulimiana mashamba kwa zamu, mashine yenye sauti ya mtu huhesabiwa kuwa ni mtu. Jumanne ilikuwa zamu ya shamba langu. Zikaja mashine kumi na moja, zikachimba makinga maji kutoka mgombani hadi mtoni, zikatandaza samadi, bila dawa hata tone, kama kikundi chetu kilivyokubaliana tangu zamani.

Mwenye shamba lazima apike. Nikainjika makande kwenye sufuria ile kubwa, nikapakua sahani kumi na moja.

“Asante mama, nimeshiba,” ikasema mashine ya mwanangu Elieskia, aliyehamia mjini na mkewe, mwaka wa tisa huu. Nyingine nazo zikashukuru kwa maneno hayohayo, kila moja kwa sauti ya mtoto wa jirani ninayemjua. Hakuna iliyogusa kijiko.

Nikamwaga sahani zote kwenye shimo la mboji. Ndiyo maana udongo wetu ni mweusi hivi, na mahindi yanaozea shambani kwa kukosa walaji.

Halafu akaja katibu wetu, Mama Senzighe, na mkongojo wake na kinasa sauti. Kijiji kizima tumebaki sisi wawili.

“Mwenzangu, magoti yako yamekwisha,” akasema. “Mwezi ujao ni zamu ya shamba langu, na kaya yako lazima itoe mtu. Haya, tamka humu yale maneno ya kumaliza kazi, mashine yako ipate sauti.”

Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Nikakisogelea kile kinasa.

“Asante mama,” nikasema, “nimeshiba.”