Dawa ya Kunguni

Siku ya tatu hiyo Kufuli hakwenda kazini. Alikaa kwenye kigoda mbele ya mlango wake, ufunguo mfukoni, macho kwenye lango la ua.

Jina hilo alipewa na wapangaji wenzake, kwa sababu kila asubuhi alimfungia mkewe ndani kwa kufuli kubwa kama ngumi. Sasa alikuwa na hofu mpya. Mtu alimnong'oneza kwamba mkewe, siku ya kliniki, alizungumza na wanawake wa kituo cha msaada, wale wanaowachukua wake waliopigwa na kuwaficha kusikojulikana.

"Waje," akamwambia fundi viatu, jirani yake aliyekuwa akishona soli ng'ambo ya ua. "Mlango ni mmoja, madirisha yana nondo. Labda wapite kwenye tundu la ufunguo."

Fundi hakuinua kichwa. Yeye watu aliwajua kwa miguu, sura hazikumkaa. "Na shemeji? Ule ukanda wa kandambili niliomshonea umeshika?"

"Anakwenda wapi hata ukatike? Amelala. Alianguka bafuni."

"Bafu lenu lina mikono," fundi akasema, uzi mdomoni.

Kufuli akageuza tena macho langoni.

Saa nne gari likasimama langoni. Wakashuka watatu, ovaroli nyeupe, kofia hadi kwenye nyusi, barakoa, buti nyeusi za mpira. Mmoja alibeba bomba la dawa mgongoni, mwingine mfuko uliotuna. Walikuwa na barua ya mama mwenye nyumba: vyumba vyote vipuliziwe dawa ya kunguni. Wakaanza cha kona, wakaja cha pili, wakafika kwa Kufuli.

"Kila mtu atoke, kaka."

"Mke wangu hatoki." Jicho la mkewe lililovimba lilikuwa bado halijafunguka, majirani wangelisoma kama gazeti. "Atajifunga kitambaa. Ni mvumilivu."

"Dawa ni kali."

"Nimeshasema."

Akawafungulia, akarudi kwenye kigoda chake. Ndani kitanda kikaburutwa, bomba likafoka, mtu akakohoa. Jasho lilimtiririka Kufuli mgongoni, lakini macho hayakubanduka langoni. Hakuna mwanamke wa kituo aliyetokea.

Mlango ukafunguka. Aliyetangulia alikuwa bado anapuliza, na ukungu mweupe ukamrukia Kufuli usoni. Akafumba macho, akaziba pua kwa shati, akarudi nyuma kuwapisha.

"Usifungue mpaka masaa mawili yapite," sauti ikamwambia. "Ikikuingia kifuani tusilaumiane."

Gari likiwaka, yeye alikwisha kurudisha kufuli mahali pake.

Kifua chake alikithamini, basi akangoja. Akatega sikio: kimya. Akaridhika. Kimya ndicho alichokuwa akimfundisha mkewe miaka yote sita.

Masaa mawili yalipotimia, fundi viatu alikuwa anakusanya vyombo vyake.

"Jirani," akasema, "wale watu wa dawa walivaa nini miguuni?"

"Buti. Hukuona?"

"Niliona. Zimeingia buti jozi tatu." Akachomeka sindano yake kwenye kizibo, taratibu. "Zimetoka buti jozi tatu, na kandambili zenye ukanda niliomshonea shemeji."