Mrija wa Mzee Sikuku

Tarehe tatu Juni mvua nyembamba yenye baridi ilinyesha tangu alfajiri, na wazee wakawahi kilabuni kwa Mama Naliaka kuzunguka chungu cha busaa, pombe ya nafaka wanayoifyonza kwa mirija mirefu. Mzee Sikuku alifika akiongozana na Bi. Adema, ofisa wa ustawi wa jamii.

"Leo umetuletea serikali?" Kundu, mmoja wa wazee, alimtania. "Basi naye apewe mrija!"

Wakacheka. Sikuku hakucheka. Jana yake alilewa akalala papo hapo kilabuni, na mkewe Nekesa, aliyepooza upande mmoja, akakesha kwenye shuka lililolowa bila wa kumgeuza. Bi. Adema alikuwa amesema wazi: akilewa tena, Nekesa atahamishiwa makao ya wazee, mbali na mji huu.

"Ungeahidi kanisani kuacha pombe, baba," Bi. Adema alimnong'oneza.

"Mchungaji hajawahi kunivutia kiti ninywe, binti yangu. Hawa ndio wanaonivutia."

Akautoa ukutani mrija wake mrefu, aliourithi kwa baba yake, akaomba kisu na kuukata vipande vipande. Kiu ilikuwa imeshamshika, lakini hakuacha hadi kipande cha mwisho.

"Sasa kesho utanywea nini?" Kundu aliuliza, safari hii kwa upole.

Sikuku alisimama wima, busaa ikitoa povu karibu na miguu yake.

"Mungu anisikie, nanyi mnisikie," alisema kwa sauti. "Sitakunywa tena. Mkiniona mlangoni hapa, nifukuzeni, mniambie Nekesa anangoja kugeuzwa."