Bastola Mbili za Mwalimu Haugstad

"Bado vinachafua mtutu, Bi Verna," alisema Mwalimu Haugstad. Aliokota kichwa cha risasi kwenye sinia la kaunta, akakigeuzageuza, akakirudisha taratibu kama anayerudisha yai kwenye kiota.

Verna Pruitt akavua miwani, akaivaa tena. Miaka ishirini alikuwa akiyeyusha madini ya risasi katika banda la nyuma ya nyumba yake na kuyamimina kwenye kalibu alizoachiwa na baba yake. Nusu ya wapiga shabaha wa bonde lile la Montana, wale wanaojijazia risasi wenyewe nyumbani, walitumia vichwa vyake. Hakuna aliyewahi kulalamika. Halafu akatokea huyu mwalimu mstaafu wa hesabu, mpole, nadhifu, na bastola zake mbili zisizoridhika na lolote.

"Inayochafuka ni ipi? Ya kipenyo cha thelathini na nane au ya arobaini na tano?"

"Leo Jumanne," akasema Mwalimu. "Ya thelathini na nane."

Ya arobaini na tano ilikuwa ya Ijumaa. Hiyo ilianza Machi, theluji ilipokuwa ikiyeyuka. Ya kwanza ilianza tangu Oktoba.

"Tulitumia risasi laini, ukasema inagandia mtutuni. Nikaongeza bati iwe ngumu, ukasema vilevile. Nikabadilisha nta ya kuvipaka. Sasa imebaki unene tu, maana kichwa kikiwa chembamba moto wa baruti unapenya pembeni. Ulipima mtutu kama nilivyokwambia?"

"Nilipima."

"Ukapata ngapi?"

"Kawaida tu."

"Mwalimu wa hesabu mzima unanijibu 'kawaida tu'?"

Mwalimu akaona haya. Akasogeza mbele kifurushi cha mikate ya mdalasini, ambayo aliioka mwenyewe na kuja nayo kila mara kuomba radhi kwa usumbufu. Kisha wakaanza kuchagua upya. Vyenye pua bapa au vya mviringo? Vizito au vyepesi? Aliuliza yote, akasikiliza yote, akanywa vikombe viwili vya kahawa karibu na jiko, na baada ya saa nzima akaondoka na boksi jingine.

Dell, binamu yake Verna, alikuwa pembeni akimalizia mkate wa tatu. "Navipiga vichwa vyako tangu nina nywele," akasema. "Mtutu wangu unang'aa. Huyo bwana hajui kupiga, basi."

"Mteja akikwambia kiatu kinabana, humjibu kwamba mguu wake ndio mbaya."

"Mguu wenyewe umewahi kuuona? Mashindano ya klabu yote haji."

Verna hakucheka. Klabu ya wapiga shabaha ilikuwa imeagiza vichwa elfu tatu kwa ajili ya mashindano ya Jumamosi ijayo, na vilikuwa tayari, vimepangwa ukutani. Angewapaje watu kitu ambacho moyoni anajua kina kasoro asiyoweza kuiona? Alikwishakata shauri. Asipoipata kasoro hiyo kabla ya Jumamosi, atarudisha oda ya watu, atang'oa kibao mlangoni, na kalibu za baba atampa Dell. Lilimuuma sana jambo hilo. Na kilichomuudhi zaidi ni kwamba Jumanne na Ijumaa alijikuta anavaa aproni safi, utadhani anakwenda kupokea sifa.

Jumapili, ibada ilipokwisha, hakwenda nyumbani. Alichukua kipimo chake cha unene, fimbo ya shaba na kidonge cha risasi laini cha kusukumia mtutuni ili kuchukua alama, akaendesha gari hadi kwa Mwalimu, ng'ambo ya mto.

Mwalimu alifungua mlango akiwa na unga hadi kwenye viwiko.

"Leo Jumapili," akasema, kama aliyefumaniwa.

"Siku nazijua," akasema Verna, akapita hadi jikoni. " Lete bastola zote mbili hapa mezani, nizipime mwenyewe."

"Karibu kahawa kwanza, Bi Verna."

"Kahawa baadaye. Ubaya wa kazi yangu nataka niuone kwa macho yangu."

Mwalimu hakusogea. Alisimama katikati ya chumba akijifuta mikono kwa kitambaa, akajifuta tena mikono ileile iliyokwisha kutakata. Verna akatupa jicho huku na huku akitafuta kabati la silaha. Hakuliona. Alichokiona, kwenye rafu ambayo watu wengine hupangia sahani, ni maboksi ya vichwa alivyomuuzia. Yalikuwa zaidi ya thelathini, yamepangwa kwa tarehe, kila moja na mwandiko wa Verna ubavuni.

Akashusha moja. Lilikuwa zito. Utepe wa karatasi aliougundisha mwenyewe ulikuwa haujakatwa. Akashusha la pili, la Novemba, nalo vilevile. Akashusha la tatu.

"Mwalimu," akasema polepole, "bastola ziko wapi?"

"Sina."

"Hata moja?"

"Mlio wake unaniogopesha tangu utotoni."

Verna akavuta kiti, akakaa. Miezi minane ya kuyeyusha, kupima, kulaumu mikono yake mwenyewe. Alitaka kukasirika, akaisubiri hasira, nayo ikakataa kuja.

"Kama huna hata moja," akauliza, "mbona umenisumbua kwa mbili?"

Mwalimu akainamisha macho kwenye viatu vyake vilivyojaa unga.

"Ile ya thelathini na nane ilikuwa inanileta kwako Jumanne tu," akasema. "Na Jumanne hadi Jumanne ni mbali."