Swichi Chini ya Siti

Uchungu ulimshika Zamda mumewe akiwa safarini, na pikipiki ya mumewe ikakataa kuwaka. Shemeji yake, Lukindo, alipiga kiki hadi shati likalowa. Taa iliwaka, honi ililia, fyuzi ilikuwa nzima. Akachomoa plagi na kuijaribu, haikutoa cheche.

"Betri nzima! Moto unapotelea wapi?"

Zamda alishikilia mlango, akiuma ncha ya kanga.

"Shemeji," alisema uchungu ulipolegea, "chini ya siti kuna swichi ya siri. Kaka yako aliniapisha nisikwambie wewe."

"Si ya wezi hiyo?"

Zamda aliyakwepa macho yake.

Lukindo akapapasa, akaibonyeza. Pikipiki ikawaka kwa kiki moja. Akampakia shemejiye, na kabla ya kuondoka akakigeuza kando kioo cha pembeni, macho yao yasikutane njiani.