Majani Mekundu ya Mwarobaini

Tangu Makame apofuke, miaka sita sasa, mkewe Zamda ndiye aliyemwongoza kwa mkono. Asubuhi moja baada ya mvua za kwanza, walikaa barazani, Zamda akichambua mchicha.

“Mwarobaini umechipua,” Makame alisema. “Mwaka huu majani yametoka mekundu kweli.”

Mikono ya Zamda ilisita. “Nani kakwambia, bwana?”

“Nasikia harufu yake.”

Tangu lini wekundu ukawa na harufu? Zamda alivua kandambili, akanyata, akaiweka ndoo ya maji katikati ya njia ya msalani.

“Nipe mkono, nataka kwenda msalani,” Makame alisema baada ya muda.

“Leo nenda mwenyewe,” Zamda alisema.

Makame alisimama, akatembea hadi karibu na ndoo, akainua mguu kuiruka, ukabaki hewani.