Ngazi za Hakimu Barthélemy

Viatu vya Hakimu Barthélemy vilikuwa vyeusi, vya kamba, na soli zake zilikuwa safi kama sahani ya harusi. Watu wa Masisi walizijua soli hizo kuliko walivyoujua uso wake, kwa sababu kila alipopita ziliwapita usawa wa macho. Bwana mkubwa hakukanyaga chini. Alipita juu ya mabega ya wanaume wanne, ndani ya kipoyi, kile kiti cha kubebwa ambacho Wazungu walikiacha walipofunga virago mwaka wa uhuru. Wenzake walirithi ofisi na magari. Yeye alirithi kiti.

Na kujidai kwake! Blanketi magotini hata jua la saa sita. Mkewe, Mama Adelaïde, alitembea kando ya kipoyi, kazi yake kumpangia miguu juu ya ubao, mmoja baada ya mwingine, maana mume alikuwa mvivu hata wa kujinyoshea mguu. Alikuja kutoka Walikale akiwa amebebwa, na Masisi akaendelea kubebwa.

Alijijengea baraza la matofali juu ya msingi mrefu wa mawe, ili raia wamtazame mpaka shingo ziume. Kila kidato cha ngazi kilikaribia goti la mtu mzima. Mafundi walipokuwa bado wanapanga mawe, Sidonie, mjane kutoka kijiji cha Kingi, alikuja kuomba neno. Ugonjwa wa utotoni ulikuwa umemkausha miguu. Alitembea kwa mikono, akikokota makalio juu ya kipande cha ngozi ya ng'ombe. Alilima hivyo hivyo, amekaa, na maharage yake yaliwashinda wenye miguu.

"Papa Juge," alisema, "tunaomba pembeni ya ngazi mujengeshe na njia ya mutelemuko. Haiko ya miye peke. Mama wa mimba atapitia, muzee wa fimbo atapitia. Hata weye, Papa."

"Miye?" Hakimu alifoka mpaka kipoyi kikayumba. "Mutelemuko iko ya ng'ombe! Batu iko na miguu."

Mzee mmoja alinong'ona kwamba hujafa hujaumbika. Hakimu alimcheka mbele ya watu, na mteremko haukujengwa.

Siku baraza lilipofunguliwa, kesi ya kwanza ilikuwa ya Sidonie huyo huyo. Pierre, ndugu wa marehemu mumewe, alilitaka shamba lake la Kingi. Mwanamke asiyeweza kusimama, alisema, atalindaje ardhi? Sidonie hakuwa na kingine duniani. Akilikosa shamba, kilichobaki ni kuomba barabarani. Na asiyefika mbele ya hakimu alihesabiwa ameshindwa.

Wapagazi walimpandisha hakimu huku wakihema, wakatua kipoyi nyuma ya meza kubwa, kikawa ndicho kiti chake cha hukumu, kisha wakashuka. Wazee walipanda wameshika magoti. Mama mmoja mwenye mimba alikaa katikati ya ngazi akalia. Edmond, mkubwa wa wapagazi, alimwonea Sidonie huruma, akampakia mgongoni.

"Mushushe!" Hakimu alimwona kupitia mlango. "Tangia leo, mu hii ngazi hakuna kubebwa. Kupanda ao kushuka, muntu anapita na miguu yake. Njo sheria. Nani anaivunja, atalala mu buloko!"

Edmond hakutaka kulala jela, akamtua chini. Basi Sidonie alipanda mwenyewe, kinyumenyume, makalio kidato kwa kidato, viganja vikichubuka, Pierre akimcheka kutoka juu. Alifika mbele ya meza akitiririka jasho.

"Sheria inasema miguu," hakimu alisema bila kumtazama. "Ile iko matako. Shamba iko ya Pierre. Kesi imeisha."

Hivyo ndivyo alivyoamua, mpumbavu yule wa blanketi. Pierre alishuka mbio kwenda kushangilia, na watu wote wakamfuata, isipokuwa Mama Adelaïde aliyesimama kando ya kipoyi. Sidonie alibaki sakafuni, hana nguvu hata ya kulia.

Hakimu alipiga makofi kuita wapagazi. Hakuna aliyepanda.

"Papa Juge," Edmond alijibu kutoka chini, kofia mkononi, "umesema hakuna kubebwa. Siye tunaogopa buloko. Shuka tu, tunakungoya hapa."

"Nitawafunga bote!"

"Utatufunga ukishuka, Papa."

Watu walicheka, kisha wakajipanga chini ya ngazi kumngoja bwana mkubwa achafue soli zake kwa mara ya kwanza. Wingu la mvua lilitanda juu ya vilima. Walingoja. Hakimu hakusimama. Alimtazama mkewe, na Mama Adelaïde akainamisha kichwa.

Mwishowe hakimu aliinama juu ya meza, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika nje.

"Mama Sidonie," alinong'ona, "weye unashukaka namuna gani?"

Sidonie alipitisha mkono chini ya meza, akainua pindo la blanketi. Miguu aliyoiona pale ilikuwa imekauka kuliko yake.

"Unirudishie kwanza shamba yangu," alisema. "Kisha nitakufundisha."