Mvumo wa Redio ya Mzee Shebughe

Mzee Shebughe hakuwa akiona. Dunia ilimjia kupitia redio yake kubwa ya mbao, ile ya zamani yenye taa za kioo ndani. Lakini mwaka mzima sasa ilikuwa ikivuma kama mzinga wa nyuki, na maneno yote yalizama humo. Mafundi wawili walishamwambia aitupe.

Fundi Kidawa hakusema hivyo. Aliishusha sauti mpaka mwisho, akatega sikio. Mvumo ulibaki palepale.

"Basi hautoki kwenye stesheni, babu. Kapasita, kile kikopo cha kuchuja umeme, ndiyo imekauka. Mwenzio amezeeka."

"Na mimi je, utanibadilisha nini?"

"Wewe bado unavuma vizuri tu."

Wakacheka. Kidawa akachomelea kapasita mpya. Vile vitufe vilivyolika kwa vidole vya mzee aliviacha vilevile, mzee asije akapotea akivipapasa. Kisha akaiwasha.

Kimya.

"Umeiua, mjukuu wangu," mzee alisema polepole.

"Hebu gusa. Taa za ndani hupata moto kwanza." Kidawa akaushika mkono wake, akaulaza juu ya redio. Mbao zilikuwa zikipata joto kidogo kidogo.

Ndipo, ndani ya kimya kile, mtu akavuta pumzi. Karatasi ikafunuliwa. Mtangazaji alikuwa hajatamka hata neno moja.

"Yumo humu," mzee alinong'ona.

Akajisogeza taratibu mpaka pembeni mwa benchi, akamwachia mgeni huyo wa redioni nafasi ya kukaa.